Sarufi ya Mwanagenzi: Haja ya Kufundisha Kigogo na Jirani Zake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa lugha za jamii nchini Tanzania umepiga hatua isiyopingika katika miongo mitatu iliyopita. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa kamusi na sarufi kadhaa, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Uwanda wa kati haukusahauliwa. Kigogo kilipata kamusi ya Kigogo-Kiswahili-Kiingereza iliyotungwa na J. M. Rugemalira (2009). Kiburunge kilikwisha kupata sarufi ya Roland Kießling (1994), iliyoandikwa kwa Kijerumani. Kisandawe kilipata sarufi ya Helen Eaton (2010), kisha ya Sander Steeman (2012), na katika mwaka huo wa 2012 ikatoka pia kamusi ya Christopher Ehret na Patricia Ehret.

Hata hivyo, tumwazie mtu mzima anayejua Kiswahili vizuri, ambaye kazi imemhamishia Dodoma, naye anataka kujifunza Kigogo tangu mwanzo: kusalimu, kuuliza njia, kununua kuku, kumpa pole mfiwa, na kuelewa kwa nini maneno yanapangwa yanavyopangwa. Tumpe kitabu gani? Akipewa kamusi atapata maneno bila sentensi. Akipewa makala ya isimu atapata sentensi alizochaguliwa kwa sababu zinathibitisha nadharia fulani. Rafu ya vitabu vya mwanagenzi, vilivyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili, karibu ni tupu.

Makala haya yanadai mambo mawili. La kwanza ni kwamba maelezo ya lugha si somo la lugha, na kwamba kulitoa moja katika jingine ni kazi ya kitaalamu inayojitegemea. La pili ni kwamba idara za Kiswahili ndizo zenye wajibu wa kwanza wa kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ambayo mwanagenzi wa leo anaanzia.

2.0 Mwanagenzi wa jana na wa leo

Kujifunza Kigogo kwa kitabu si jambo jipya. Mwaka 1877 G. J. Clark alichapisha orodha ya msamiati wa Kigogo, wakati ambapo wamisionari wa CMS walikuwa wanaanza kazi Mpwapwa. Mwaka 1941, hukohuko Mpwapwa, O. T. Cordell alitoa sarufi ya Kigogo yenye mazoezi. Neno hilo “mazoezi” lina uzito. Cordell alitambua kwamba msomaji wake hakutaka tu kujua Kigogo kikoje; alitaka kukisema. Lakini msomaji huyo alikuwa mgeni kutoka ng’ambo aliyeanzia Kiingereza, na haja yake kubwa ilikuwa kuhubiri.

Mwanagenzi wa leo ni mtu mwingine kabisa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016 ambapo wizara zilihamia kwa kishindo, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi wameingia katika nchi ya Wagogo. Karibu wote wanaleta Kiswahili, na kwa shughuli nyingi za mjini Kiswahili kinatosha. Nje ya mji mambo hubadilika. Muuguzi anayemhoji bibi kizee kuhusu maumivu yake, bwana shamba anayezungumza na wafugaji, au mwalimu wa darasa la kwanza kijijini hukutana na watu ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Hapo hutafutwa mkalimani, naye mara nyingi ni mjukuu wa mgonjwa au mpita njia. Mambo ambayo mgonjwa angemwambia muuguzi peke yake hayasemwi mbele ya mjukuu.

Yuko pia mwanagenzi wa pili ambaye hatajwi sana: kijana wa Kigogo aliyezaliwa mjini na kulelewa kwa Kiswahili. Huyu anasikia nusu ya yanayosemwa na nyanya yake, lakini hawezi kujibu. Haja yake si ya kikazi. Anataka kurudishiwa kitu alichonyimwa bila kuulizwa.

3.0 Maelezo si somo

Sarufi ya mwanaisimu ina mpangilio wake: fonolojia kwanza, kisha mofolojia, kisha sintaksia, na mwishoni, kama karatasi zinaruhusu, matini fupi. Mpangilio huu unafuata muundo wa lugha kama mtaalamu anavyouona. Mwanagenzi ana mpangilio mwingine, unaofuata haja. Jambo ambalo mtaalamu huliweka katika sura ya tisa huenda likahitajika asubuhi ya siku ya kwanza.

Mfano mmoja wa mbali utatusaidia kuliona jambo hili kabla ya kurudi nyumbani. Kicheroki, lugha ya asili ya Wacheroki wa Marekani, kina vitenzi vya kushika na kupeana ambavyo hubadilika kufuatana na namna ya kitu chenyewe: kilicho hai, kilicho kirefu na kigumu, kinachokunjika, kimiminika, au kitu cha namna nyingine kisichoingia katika makundi hayo. Kwa mwanaisimu hiyo ni sura nzuri kuhusu uainishaji. Kwa mwanagenzi ni sharti la kuomba maji mezani. Wacheroki walikuwa na maandishi yao tangu mwaka 1821, yaliyobuniwa na Sequoyah, na gazeti lao, Cherokee Phoenix, tangu mwaka 1828. Mwaka 1975 ilitoka kamusi ya Durbin Feeling, na mwaka 1976 Ruth Bradley Holmes na Betty Sharp Smith wakatoa Beginning Cherokee, kitabu cha masomo kwa anayeanza. Lakini kufikia wakati huo wengi wa waliokihitaji kitabu hicho walikuwa Wacheroki wenyewe ambao hawakuipata lugha nyumbani. Mwaka 2019 mabaraza ya makabila matatu ya Kicheroki yalitangaza kwa pamoja hali ya dharura kuhusu lugha yao. Yaani maandishi, gazeti na kamusi, vyote vikiwapo, havikutosha pale mnyororo wa kujifunza ulipokatika. Kigogo hakijafika huko: wako watoto wanaokisema. Huu ndio wakati wa kuandika kitabu cha mwanagenzi, kungali na walimu wa kutosha wa kumsahihisha.

Sasa turudi katika uwanda wetu. Eneo la Kondoa na Chemba ni darasa lisilo na mfano barani Afrika, kwa kuwa makundi makubwa manne ya lugha yanakutana hapo: Kirangi cha Kibantu, Kiburunge na Kialagwa vya Kikushi, Kisandawe, ambacho kwa desturi kimewekwa katika kundi la Khoisan, na lugha za Kiniloti za Wadatoga na Wamasai. Kila moja ya lugha hizi ina jambo lake la siku ya kwanza.

Kirangi ni cha Kibantu, na msemaji wa Kiswahili atadhani yuko nyumbani. Mara anakutana na sentensi kama Mama jota ari maaji (alama za irabu na toni zimeachwa hapa), yaani “Mama atachota maji”. Kitenzi kikuu, jota, kimetangulia, na kitenzi kisaidizi chenye kiambishi cha mtenda, ari, kimefuata. Mpangilio huu si wa kawaida katika lugha za Kibantu, na umewavutia sana wanasintaksia. Lakini Mrangi wa kawaida huutumia kila anapotaja jambo atakalofanya baadaye. Mwanagenzi asiyeufahamu hawezi hata kuahidi kurudi kesho. Kwake hili ni somo la tatu, si nyongeza ya kitabu.

Kisandawe, kinachosemwa katika sehemu kama Kwa Mtoro na Farkwa, kina vidoko 15 vilivyojengwa juu ya mahali patatu pa kutamkia: menoni, ufizini na kandoni mwa ulimi. Hapa wageni wengi hukata tamaa mapema, na vitabu vyetu huwasaidia kukata tamaa kwa kuwapa jedwali zima la sauti hizo katika ukurasa wa kwanza. Lakini msemaji wa Kiswahili hupiga kidoko cha menoni kila anapodharau au kusikitika. Neno lenyewe ni letu. Anachokosa ni zoea la kukiingiza kidoko ndani ya neno, na zoea hujengwa kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa. Kwa upande mwingine, jambo linaloonekana dogo linahitaji mkazo zaidi: Kisandawe husema tsi kwa “mimi” na hapu kwa “wewe”, lakini “yeye” wa kiume ni hewe na wa kike ni hesu. Kiswahili hakimdai msemaji wake uamuzi huo. Kisha kuna viambishi vya mtenda ambavyo, katika sentensi za mambo yaliyokwisha kutukia, havikai kwenye kitenzi peke yake bali huweza kudandia yambwa au kielezi. Mtu aliyezoea a-li-soma hana budi kufundishwa upya mahali pa kumtafutia mtenda. Hakuna sarufi iliyoandikwa kwa msomaji wa Kiingereza itakayomwonya kuhusu hilo, kwa sababu msomaji wa Kiingereza hana zoea hilo la kuachishwa.

4.0 Kiswahili kama daraja

Hoja hii ya mwisho ndiyo kiini cha pendekezo letu. Kila kitabu cha mwanagenzi huandikwa kutoka mahali fulani. Kinachoandikwa kutoka Kiingereza hutumia kurasa nyingi kueleza ngeli ni nini, viambishi ni nini, na upatanisho wa kisarufi ni nini. Kwa msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kigogo, kurasa hizo ni za bure. Yeye anajua tayari. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali ambapo Kigogo kinaachana na Kiswahili.

Na somo hilo laweza kuanzia barabarani. Majina ya mahali yaliyoandikwa kwenye vibao vya Dodoma na pembezoni mwake ni jedwali la ngeli lililo wazi kwa kila mpita njia. Chamwino, Chilonwa, Chigongwe na Chipogolo huanza kwa kiambishi ambacho Kiswahili hukitamka ki-, na ambacho hata Kiswahili hukitamka ch- mbele ya irabu nyingi, kama katika chakula na chumba. Ihumwa, Ipagala, Iyumbu na Itiso huonyesha i- ya umoja ambayo wingi wake ni ma-. Kiswahili kimeipoteza katika maneno kama tunda na shamba. Dodoma Makulu na Mvumi Makulu huonyesha shina -kulu, ndugu wa -kuu yetu. Si kila jina linaloanza hivyo lina asili hiyo, na kuyachambua yasiyo na asili hiyo ni zoezi zuri la somo la pili. Jina la Dodoma lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na idodomya, “limedidimia”, kwa kisa cha tembo aliyezama matopeni. Awe mwanagenzi anakisadiki kisa hicho au hakisadiki, amekwisha kujifunza neno.

Baada ya ngeli, sauti. Mtu/watu wa Kiswahili ni munhu/wanhu wa Kigogo. Kuku ni nghuku. Herufi h baada ya nazali si pambo. Inawakilisha sauti ambayo msemaji wa Kiswahili hana, na ambayo inaonekana mara mbili katika jina la Ng’hong’onha, kata inayopakana na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wanafunzi wengi wa chuo hicho hulitamka jina hilo kila siku kama kwamba h hazimo. Pale ambapo Kiswahili kimebakiza u-, kama katika ulimi, Kigogo kina lu-: lulimi. Ulinganifu wa namna hii, ukipangwa vizuri, humwezesha mwanagenzi kukisia maneno mengi asiyofundishwa. Usipopangwa, humdanganya aamini kwamba Kigogo ni Kiswahili kilichopindwa kidogo, naye huishia kusema Kiswahili chenye lafudhi.

Kisha maamkizi. Mbukwa humwendea mtu mmoja, mbukwenyi watu wengi. Neno hili la pili linajulikana nchi nzima, kwa kuwa ni wachache wanaosimama jukwaani Dodoma bila kulianzia hotuba. Makofi yakiisha, hotuba huendelea kwa Kiswahili hadi mwisho. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema kwamba salamu isiyofuatwa na sentensi ya pili ni adabu iliyoishia mlangoni. Kitabu cha mwanagenzi ndicho kitakachotoa sentensi ya pili, ya tatu na ya nne: nani hutangulia kusalimu, mkwe huamkiwaje, habari za mifugo huulizwa kabla au baada ya habari za watoto. Haya hayamo katika kamusi, wala hayawezi kukisiwa kutoka Kiswahili.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la ukabila. Wako wanaohofu kwamba kufundisha lugha za jamii ni kuamsha yaliyolala. Hofu hii ina historia ya heshima: taifa lilijengwa kwa Kiswahili, na sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kutoa takwimu za makabila. Lakini ukabila ni kujifungia katika lugha ya kwenu. Mchaga au Mndengereko anayejifunza Kigogo anafanya kinyume chake. Tena uwanda huu una shahidi mkubwa. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo, ni mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili wa karne ya 20 na ndiye aliyeipa ngonjera sura yake. Mtu huyohuyo alichapisha mwaka 1954 kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, akakiandika kwa Kiswahili ili wasio Wagogo wasome. Hakuona kwamba mapenzi ya lugha moja yanapunguza ya nyingine.

Pingamizi la pili ni la sera. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha za asili kuwa hazina ya kukuzia Kiswahili, na inahimiza uandishi wa kamusi na sarufi zake. Sehemu ya pili ya kauli hiyo inatuunga mkono. Sehemu ya kwanza inahitaji kutazamwa kwa uangalifu. Ni kweli Kiswahili kimechota humo na kufaidika, kama kilivyochukua ng’atuka kutoka Kizanaki. Lakini hazina ni kitu kinachochimbwa. Aliyeichimba hahitaji kuzungumza nayo. Lugha ikitazamwa kama ghala la istilahi tu, wasemaji wake hubaki kuwa walinzi wa ghala. Msimamo wetu ni kwamba lugha hizi ni za kusemwa, na za kujifunzwa na asiyezaliwa nazo.

Pingamizi la tatu ni la kitaalamu: tufundishe Kigogo kipi? Kuna Kinyambwa cha magharibi, Kinyaugogo cha katikati na Kitumba cha mashariki. Na hata jina la lugha huandikwa Cigogo na wengine, Chigogo na wengine. Swali ni halali, lakini halistahili kuwa kizuizi. Kiswahili kilifundishwa kwa vitabu kabla ya kusanifishwa katika miaka ya 1930, na wanagenzi wake hawakudhurika. Mwandishi na achague lahaja moja, aitaje wazi katika dibaji, aeleze tahajia aliyoifuata, na aonyeshe tofauti kubwa zinapotokea.

Liko pingamizi la nne ambalo halisemwi katika mikutano lakini huamua mengi: kitabu cha wanaoanza hakimpandishi mtu cheo. Makala kuhusu kitenzi kisaidizi cha Kirangi hupata hesabu kamili katika tathmini ya mhadhiri; masomo 20 ya Kirangi kwa anayeanza huhesabiwa kama kazi ya ualimu wa shule. Anayedhani hivyo hajajaribu kuyaandika. Kuchagua sentensi 200 ambazo zitabeba sarufi ya lugha nzima bila kumchosha mtu ni uchambuzi mgumu kuliko kuichambua sentensi moja kwa kurasa 20.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, idara za Kiswahili na isimu zikubali sarufi ya mwanagenzi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio kwa wanagenzi halisi, kuwa tasnifu halali ya uzamili. Pili, kazi ya namna hiyo ipewe hesabu sawa na kitabu cha kitaalamu katika kupandisha vyeo. Tatu, vyuo vilivyomo katika uwanda wa kati vianzishe kozi fupi ya Kigogo kwa wauguzi, walimu na maofisa ugani, na masomo ya kozi hiyo yawe ndiyo rasimu ya kitabu. Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe, asiruhusiwe mwanafunzi wa uzamivu kuwasilisha tasnifu kuhusu lugha ambayo hawezi kuamkia, kuomba maji wala kuagania.

Pendekezo hili la nne huenda likaonekana kali. Lakini tuitazame desturi yetu ilivyo. Mtafiti hufika kijijini na hojaji iliyoandikwa kwa Kiswahili, humwomba mzee atafsiri sentensi 100, humshukuru kwa Kiswahili, kisha huondoka. Sentensi alizopata ni za Kisandawe au za Kigogo, lakini maswali yote yalikuwa ya Kiswahili, na kilichojibiwa ni kile tu ambacho Kiswahili kilijua kuuliza. Hakuna sentensi ya hojaji itakayomwonyesha hesu aliyejificha nyuma ya “yeye” wetu ikiwa mtafiti hakupata kukosea mbele ya watu na kusahihishwa. Kujifunza lugha kama mwanagenzi si starehe ya baada ya utafiti. Ni mbinu ya utafiti, na ndiyo ya zamani kuliko zote.

Kiswahili kimefikishwa hapa kilipo kwa juhudi za wengi ambao hawakuzaliwa nacho, Wagogo wakiwamo, waliokaa chini wakajifunza. Deni hilo hulipwa kwa kujifunza. Kitabu cha kulianzia malipo hayo ni chembamba na chaweza kuandikwa katika miaka miwili. Wenye ujuzi wa kukiandika wamo katika idara zetu. Walimu wa kutufundisha wako Mvumi, Kwa Mtoro na Kondoa, nao wangali wakizungumza.